Kumi na Tano au Hamsini? Mkazo wa Sauti Katika Kiingereza Chetu



Tuseme kikundi chenu kimevuna vitunguu, magunia kumi na tano. Mnunuzi anapiga simu, mtu wa kampuni kutoka nchi ya mbali ambaye Kiswahili hakijui. Anauliza magunia ni mangapi. Katibu wenu anajibu kwa Kiingereza, "fifteen". Simu inakwaruza kidogo, na yule mtu anaandika 50. Kesho yake linakuja lori kubwa badala ya pikapu. Mnunuzi anaona magunia 15 yamekaa chini ya mti, anakasirika, anakata gharama ya lori katika bei yenu, na anaondoka akisema watu wa hapa hawaaminiki. Jioni wanachama nao wanaanza kunong'ona: yale magunia mengine 35 katibu ameyapeleka wapi?

Kumbe hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Katibu alisema neno la haki. Shida ni kwamba nguvu ya sauti iliangukia mahali pasipo pake.

Katika toleo hili tunapenda kueleza juu ya nguvu hiyo, ambayo walimu huiita mkazo, na juu ya mwendo wa sauti katika sentensi. Hatutaki mtu yeyote aanze kuongea puani ili afanane na mzungu. Tunataka mtu wetu akisema kumi na tano, iandikwe kumi na tano. Basi.

MKAZO NI KITU GANI?

Kila neno lina vipande vinavyotamkwa kimoja kimoja. Vipande hivyo huitwa silabi. Pigeni makofi mkitaja "maji": ma-ji, makofi mawili. "Mkulima": m-ku-li-ma, makofi manne. Katika kila neno refu kuna silabi moja inayobeba mzigo kuliko wenzake. Inatoka kwa nguvu, inavutwa kidogo, na mara nyingi sauti inapanda hapo. Huo ndio mkazo. Katika makala haya tutauonyesha kwa herufi kubwa.

Kiswahili chetu ni cha taratibu katika jambo hili. Mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema SHA-mba, lakini tukiongeza mwisho wa neno tunasema sha-MBA-ni. Tunasema LI-ma, halafu li-MI-a, halafu li-mi-A-na. Mkazo unahama kama mfugaji anayefuata malisho, lakini kila mara anapiga kambi mahali pale pale, nyumba ya pili kutoka mwisho wa boma.

Maneno machache yanavunja kanuni hii, na hayo ndiyo yanatufundisha. Chukueni neno "barabara". Tukisema ba-ra-BA-ra, ni njia ya kupitia magari. Tukisema ba-RA-ba-ra, ni kusema sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile, maana ni mbili, na aliyezigawa ni mkazo peke yake. Ndugu zetu wanaosema Kisomali wanayo mifano yao pia. Neno "inan" sauti ikipanda mwanzoni ni mvulana, ikipanda mwishoni ni msichana. Na walowezi waliokuja kwenye skimu kutoka sehemu nyingine za Kenya, wale wanaosema Kikuyu, Kikamba au Kijaluo, lugha zao hutenganisha maneno kwa sauti ya juu na ya chini.

Kwa hivyo hakuna mtu wa Bura anayeweza kusema ati masikio yake hayawezi kusikia mambo haya. Anayasikia kila siku katika lugha ya mama yake. Kinachobaki ni kuyasikia katika Kiingereza.

KIINGEREZA HAKINA KAMBI MOJA

Tofauti kubwa ni hii. Katika Kiingereza mkazo unaweza kukaa mwanzo wa neno, katikati au mwisho, na maandishi hayakuonyeshi. Mtu hana budi kujifunza mkazo pamoja na neno lenyewe, jinsi unavyojifunza jina la mtu pamoja na uso wake.

Sisi tunapokutana na neno refu la Kiingereza tunalipeleka pale pale tulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho. Angalieni maneno haya ya kikundi:

"Secretary", yaani katibu. Wengi wetu husema se-cre-TA-ry. Mkazo wake uko mwanzo: SE-cre-ta-ry.

"Treasurer", yaani mweka hazina. Tunasema trea-SU-rer. Ni TREA-su-rer.

"Agriculture", yaani kilimo. Tunasema a-gri-CUL-ture. Ni A-gri-cul-ture.

"Development", yaani maendeleo. Tunasema de-ve-LOP-ment. Ni de-VE-lop-ment.

"Community", yaani jamii. Tunasema com-mu-NI-ty. Ni com-MU-ni-ty.

"Committee", yaani kamati. Hapa tuna bahati, kwa sababu mkazo wa Kiingereza umekaa pale pale tunapopenda: com-MIT-tee.

Hata maneno tuliyoyakopa yanasimulia jambo hili. Tulipochukua "hotel" tukaongeza irabu mwishoni ikawa hoteli, na mkazo wetu ukaangukia ho-TE-li. Waingereza nao husema ho-TEL. Ndivyo ilivyo kwa polisi, ripoti na risiti: mkazo wa Kiingereza uko mwishoni, sisi tukaongeza "i", na kwa bahati nguvu ikabaki mahali pake. Lakini bajeti, ofisi na hospitali zilihama. Sisi tunasema ba-JE-ti, o-FI-si, ho-spi-TA-li. Waingereza wanasema BUD-get, OF-fice, HOS-pi-tal, yote mwanzo.

Neno likishaingia nyumbani kwetu linafuata desturi za nyumba yetu, na ni haki. Anayesema bajeti kwa Kiswahili hajakosea lolote. Lakini ukirudi kulisema kwa Kiingereza, lirudishie na mkazo wake.

Kuna kanuni chache za kusaidia, na hizi zinafaa kubandikwa ukutani:

1. Neno linaloishia kwa "-tion" mkazo wake uko silabi iliyo kabla ya mwisho huo. Ir-ri-GA-tion ni umwagiliaji. Re-gi-STRA-tion ni uandikishaji. Vac-ci-NA-tion ni chanjo. Kanuni hii haisumbui, maana inafanana na yetu.

2. Neno linaloishia kwa "-ity" mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Com-MU-ni-ty, se-CU-ri-ty, e-lec-TRI-ci-ty. Hapa ndipo tunapoteleza.

3. Kuna maneno ya silabi mbili ambayo yakiwa jina la kitu mkazo uko mwanzo, na yakiwa tendo mkazo uko mwisho. PRO-duce ni mazao, pro-DUCE ni kuzalisha. RE-cord ni kumbukumbu iliyoandikwa, re-CORD ni kuandika kumbukumbu. PRE-sent ni zawadi, pre-SENT ni kutoa au kuwasilisha. Si maneno yote ya silabi mbili yanafuata hivi, lakini haya ya kazi yetu yanafuata.

4. Mahali maneno mawili yameungana kuwa kitu kimoja, nguvu huwa kwenye la kwanza. GREENhouse ni ile nyumba ya plastiki ya kukuzia nyanya. Lakini green HOUSE, nguvu ikiwa mwisho, ni nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani. Kikundi kinachoomba pesa za ile ya kwanza kisije kikaonekana kinaomba rangi.

Aliye na kamusi ya Kiingereza anaweza kujitafutia. Katika kamusi nyingi kuna alama ndogo kama mstari mfupi uliosimama juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi tumeiona tangu shuleni tukadhani ni uchafu wa mashine ya kuchapa.

KINU NA MCHI

Sasa tutoke kwenye neno moja tuingie kwenye sentensi. Hapa tunaomba muwe na subira.

Kiswahili huenda kama punda aliyebeba mitungi ya maji. Kila hatua inafanana na mwenzake, silabi kwa silabi, na kila irabu inasikika wazi. Silabi zikiwa nyingi, safari inakuwa ndefu. Kiingereza huenda kama mwanamke anayetwanga. Mchi unaanguka kwa mpigo wake, na kati ya mapigo mtwangaji hukoroga nafaka kwa mkono haraka haraka. Anachokoroga kiwe kingi au kidogo, mchi haupendi kungoja.

Jaribuni wenyewe. Mmoja wenu apige meza polepole, pigo moja, pigo moja, wengine waseme:

MEN DIG WELLS.
The MEN DIG WELLS.
The MEN have DUG the WELLS.
The MEN will be DIGging the WELLS.

Sentensi zote zinaongea juu ya wanaume na kuchimba visima. Ya kwanza ina silabi tatu, ya mwisho ina nane. Lakini mapigo ni matatu katika zote nne: watu, kuchimba, visima. Yale maneno madogo, "the", "have", "will be", yanaminywa katikati ya mapigo mpaka karibu yameze ulimi. Tena irabu zake hubadilika. Haziwi "a" wala "e" wala "o" iliyo wazi, bali zinakuwa sauti fupi, hafifu, kama ya mtu aliyefungua mdomo nusu kisha akaghairi. Sauti hiyo hafifu ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza cha kusemwa, na haina herufi yake katika alfabeti. Msikilizeni mwenye Kiingereza chake akisema "a cup of tea". Hasemi maneno manne. Unasikia kama "akápatii", na nguvu iko kwenye kikombe na kwenye chai.

Hii ndiyo sababu wengi wetu hufungua habari za Kiingereza redioni na kusema, "Hawa wanakimbia sana." Hawakimbii maneno yote. Wanakimbia yale madogo na kukanyaga yale makubwa. Ukijua hivyo unaacha kuhangaika na kila neno, unasikiliza mapigo, na maana inaanza kuja. Kwa hivyo mazoezi haya yanasaidia sikio hata kabla ya ulimi.

Mtu aliyezipa aina hizi mbili za mwendo majina yaliyoenea ni Mmarekani Kenneth Pike, katika kitabu alichotoa mwaka 1945. Pike alikuwa Mkristo, na alitumia miaka mingi kuwafundisha watafsiri wa Biblia namna ya kusikiliza lugha ambazo hazikuwa zimeandikwa. Wataalamu waliokuja baadaye walipima kwa mashine wakakuta kwamba mapigo ya Kiingereza hayalingani kama mapigo ya saa. Yanarefuka na kufupika. Hata hivyo jambo lenyewe linabaki: Kiingereza kinakanyaga silabi kadhaa na kumeza nyingine, na Kiswahili kinazitendea zote karibu sawa.

Mkitaka kuelewa jinsi msikilizaji anavyosumbuka mkazo ukikosewa, kumbukeni nyimbo zetu za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Ulaya. Tuni ilitungwa kwa maneno mengine. Tunapoweka ya kwetu, mara nyingine pigo kubwa la tuni linaangukia silabi isiyo yake, na tunajikuta tunaimba mu-NGU badala ya MU-ngu, au bwa-NA badala ya BWA-na. Sisi tumezoea, hatushtuki tena. Lakini mgeni anayeusikia wimbo mara ya kwanza hulazimika kutafuta neno. Basi ndivyo anavyotafuta yule wa kwenye simu.

NENO ZITO KATIKA SENTENSI

Kuna mkazo mwingine ambao una faida kubwa kuliko yote tuliyosema. Katika kila sentensi ya Kiingereza neno moja hubeba uzito kuliko mengine, na neno hilo linamwambia msikilizaji jambo lenyewe ni lipi.

Tuchukue "We need two pumps", yaani tunahitaji pampu mbili.

"WE need two pumps": sisi ndio tunaohitaji, si wale jirani.
"We need TWO pumps": ni mbili, moja haitoshi.
"We need two PUMPS": ni pampu, si mabomba wala mbegu.

Angalieni jinsi Kiswahili kinavyofanya kazi hiyo. Sisi tunaongeza neno: "sisi ndio", "ni mbili, si moja". Kiingereza hakiongezi neno. Kinaongeza nguvu tu. Mtu wetu akisema maneno yote kwa uzito mmoja, mgeni anasikia ombi lakini haoni lilipo. Na mtu akizoea kukazia neno la mwisho kila mara, atasema "two PUMPS" siku ambayo jambo lote lilikuwa "TWO".

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho barua ya kwanza, sura ya 14, alitoa mfano wa tarumbeta isiyotoa sauti ya kueleweka. Askari akiisikia hajui kama anaitwa vitani au anaambiwa alale. Tarumbeta yenyewe ni nzima na pumzi ipo, ila mpigo haujulikani.

MAHALI PA HATARI MBILI

Ya kwanza ni tarakimu. "Thirteen" na "thirty", "fourteen" na "forty", "fifteen" na "fifty", mpaka "nineteen" na "ninety". Zile za kumi na kitu zina uzito mwishoni: fif-TEEN, tena "TEEN" inavutwa. Zile za makumi zina uzito mwanzoni: FIF-ty, na mwisho wake ni mfupi. Sasa sisi kwa desturi yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho tunasema FIF-tin na FIF-ti. Tofauti yote inayobaki ni ile "n" ndogo, na simu mbovu huimeza bila kutafuna.

Lakini ngojeni kidogo. Hata wenye Kiingereza chao huteleza hapa. Wanapohesabu mfululizo, au neno zito linapofuata mara moja, kama "FIFteen BAGS", mkazo wenyewe huruka mbele. Ndiyo maana watu waangalifu hurudia kwa tarakimu moja moja. Tunashauri kila kikundi kifanye hivyo: "fifteen, one five", "fifty, five zero". Halafu mwambieni wa upande wa pili arudie alichoandika. Hakuna aibu. Heri kurudia mara mbili kuliko kulipa lori mara moja.

Ya pili ni "can" na "can't", yaani naweza na siwezi. Katika sentensi ya kawaida "can" ni neno dogo linalomezwa: "We can PAY" husikika kama "wi-kn-PEI". "Can't" halimezwi hata siku moja. Mmarekani hasa hamalizi ile "t" ya mwisho, yeye hutenganisha maneno haya mawili kwa uzito. Sasa mtu wetu akisimama na kusema kwa heshima, "We CAN pay", akikanyaga "can" kwa nguvu zote, Mmarekani anaweza kusikia kwamba hatuwezi kulipa! Dawa yake ni nyepesi. Mkiweza, kanyageni tendo: "We can PAY." Msipoweza, msikate neno, semeni kwa ukamilifu: "We CANnot pay."

JE, TUBADILI KIINGEREZA CHETU CHOTE?

Pengine mtauliza kama haya yote ni kuwaambia kwamba Kiingereza cha Kenya ni kibaya. Hapana. Mwalimu wa Garissa na daktari wa Kisumu wanaelewana kwa Kiingereza bila mkalimani. Jennifer Jenkins, mtaalamu wa Kiingereza cha kimataifa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba watu wa mataifa mbalimbali wanaoongea Kiingereza si lazima waige mwendo wa Waingereza silabi kwa silabi. Lakini alisisitiza kwamba kukazia neno lifaalo katika sentensi ni muhimu, kwa sababu likikosewa watu hawaelewani.

Kwa hivyo wekeni mambo kwa utaratibu wa umuhimu. Kwanza tarakimu. Pili neno zito la sentensi. Tatu maneno kama ishirini ya kazi yenu, muyajue mkazo wake. Kumeza maneno madogo kutakuja pole pole, na kusipokuja hamjapoteza shamba.

Tena mjue haki yenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Mbele ya afisa wa kaunti au mbunge mtu anaweza kusema Kiswahili na asikilizwe. Kiingereza tunakitafuta kwa sababu nyingine. Tangu kambi za Dadaab zifunguliwe mwaka 1991 na 1992, Garissa imekuwa ikipokea watu wa mashirika kutoka kila pembe ya dunia, na lugha yao ya kukutania ni Kiingereza. Kuna kazi, kuna misaada, kuna soko. Kijana wa kidato cha nne anayeitwa kwa mahojiano anapewa dakika chache tu za kusikika.

MAZOEZI YA WIKI NNE

Zoezi hili linachukua nusu saa baada ya mkutano wa kawaida, mchango ukishakusanywa. Halihitaji umeme wala kitabu.

Wiki ya kwanza: makofi. Andikeni maneno kumi ya kazi ya kikundi. Kila neno lipigiwe makofi, kofi kubwa kwenye mkazo, madogo kwenye silabi nyingine. Aliyesoma zaidi awe wa mwisho kupiga, ili wengine wasimfuate tu.

Wiki ya pili: tarakimu. Mmoja ageuze mgongo na kusema nambari kumi, kati ya 13 na 90, bila kuonyesha vidole. Wengine waandike. Kisha linganisheni. Zile zilizoandikwa vibaya zirudiwe mpaka kila mtu aandike sawa. Zoezi hili huchekesha, na ni zuri likichekesha.

Wiki ya tatu: kinu. Akina mama walete kinu na mchi, kama haviko pigeni ngoma au debe. Semeni sentensi fupi za kazi yenu, mchi ukianguka kwenye maneno makubwa tu. Anzeni na "MEN DIG WELLS", kisha mtunge zenu. Mwalimu wa Marekani Carolyn Graham alitoa kitabu mwaka 1978 cha kufundisha Kiingereza kwa mashairi mafupi yanayokwenda na mdundo wa muziki wa jazi, na njia yake imetumika katika nchi nyingi. Sisi hatuna haja ya jazi, tuna watwangaji na wapiga ngoma.

Wiki ya nne: mgeni wa bandia. Mmoja awe mgeni wa shirika, mwingine awe mwenyekiti. Mgeni aulize mambo matano: wanachama wangapi, ekari ngapi, shida ni nini, mnaweza kuchangia kiasi gani, na lini. Wengine wasikilize jambo moja tu: je, neno zito limebebwa? Kisha wabadilishane, na vijana na wazee wote wapate zamu.

Mwenye simu na ajirekodi, kisha ajisikilize. Sauti yako mwenyewe itakuonyesha mambo ambayo mwenzako anaona haya kukuambia.

MSIAIBISHANE

Tunamaliza kwa onyo moja. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari za watu wa Gileadi waliokamata vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme neno "Shibolethi". Watu wa Efraimu hawakuweza kuitamka ile "sh", wakasema "Sibolethi", na kwa sauti hiyo moja wakajulikana na kuuawa. Waliokufa wakati ule walikuwa 42,000, na walikuwa ndugu.

Sisi tunaoishi kando ya mto wenye vivuko tunalielewa neno hilo. Hapa kuna Waorma, Wapokomo, Wawardei, Wamunyoyaya, Wasomali na walowezi wa makabila mengi, Wakristo na Waislamu, na kila mtu analeta katika Kiingereza sauti ya nyumbani kwao. Mtu akikosea mkazo, msimcheke akanyamaza. Mama aliyechekwa mara moja mkutanoni hasimami tena, na pengine yeye ndiye aliyejua hesabu ya magunia kuliko wote. Msahihisheni kwa upole, apige makofi, aseme tena.

Kikundi kitakachomaliza wiki zote nne kiongeze jambo moja katika kitabu chake cha kumbukumbu: ukurasa wa maneno, kila neno na mkazo wake kwa herufi kubwa. Ukurasa huo mtamrithisha katibu atakayefuata.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na maneno ya vinywa vyenu.